Waziri Mkuu Kwenye Meza ya Fintan na Colm

Tumemzika Colm wiki iliyopita, hapa hapa Penrith. Baada ya misa watu walikwenda ukumbini kunywa chai na kula mikate iliyokatwa pembetatu, na mpwa wake, mwanamke aliyepanda ndege kutoka Ireland kwa ajili ya mazishi tu, akaja akanishika mkono. "Wewe ndiye uliyekaa nao mwaka ule walipokuwa hawasemezani," alisema. "Hebu tuambie ilikuwaje." Nikasimama. Nikasema maneno machache kuhusu chai na viazi, watu wakacheka kwa heshima, nikakaa. Ndani ya gari binti yangu akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hakijibu, kwamba baba umeongea vizuri. Sikuongea vizuri. Niliacha lile lililo kubwa kwa sababu sikujua nilishike wapi, na sijui kama kwa kalamu nitalishika. Elimu yangu ni darasa la sita, tena la kambini, chini ya turubai lililovuja, na kuandika kwangu ni huku kujiandikia siku zangu, ambako hakuna anayesahihisha. Nitasema ninavyokumbuka. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kaka yake, Fintan, alitangulia, mwaka ule ule ninaotaka kuusimulia. Colm amemfuata sasa, mzee kabisa, na katika miaka yote hiyo ya katikati hakuwahi kunieleza alichokuwa akiwaza. Kwa hiyo ya moyoni mwao siyajui. Nayajua ya mezani tu.

Nilipanga kwao chumba cha nyuma ya jiko. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimeletwa Australia na karatasi za ukimbizi, nafanya zamu ya mchana kwenye ghala moja huko Auburn, na treni kutoka Penrith ni ndefu hata unaweza kuota ndoto mbili ukiwa umekaa. Ukuta kati ya kitanda changu na jiko ulikuwa wa ubao mwembamba. Mtu akikoroga chai naisikia. Mle jikoni palikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki kilichochorwa malimau, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu yenye kibalbu chekundu kisichozimwa, na juu ya friji picha ya mama yao akiwa amekunja uso kwa jua. Fintan ndiye mkubwa, mnene, seremala mstaafu, mjane, macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Colm alikuwa mwembamba, hakuoa, alikuwa ameendesha mabasi maisha yake yote na bado alikaa kwenye kiti kama anayeshika usukani. Fintan alinipenda siku ya kwanza akanikata jina, akaniita Will. Colm alinitazama vibaya kwa majuma kadhaa, lakini alikwenda chooni akajifunza jina langu peke yake, namsikia kupitia ubao, Wi-lo-ndja, Wi-lo-ndja, na tangu hapo hakunikosea hata mara moja. Mpaka leo sijui kati ya hayo mawili ni lipi lililo upendo zaidi.

Asubuhi walikula uji wa shayiri na chumvi, mkate mweusi mgumu kama tofali, na chai nyeusi tititi waliyoizima kwa maziwa. Na asubuhi ndipo habari za kwao zilipofika, maana huku kukicha kule ndiyo wamemaliza siku. Colm alizichapa kutoka kwenye kompyuta, akaja nazo mezani, akamsomea kaka yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yao ya asubuhi. Mwaka ule habari zilikuwa ni moja. Nchi yao ilikuwa imeunda tume, yenye jaji na mawakili, kuchunguza fedha ambazo wanasiasa walipewa na watu wenye hamu ya ardhi na majengo. Tume ikazunguka, ikazunguka, mpaka ikafika kwenye mfuko wa Waziri Mkuu mwenyewe, naye bado yuko madarakani. Walitaka kujua fedha fulani zilizopita mikononi mwake miaka ya nyuma zilitoka wapi. Yeye akasema ni marafiki. Walimwona yuko kwenye shida, wakamchangia, hakuna aliyeomba kitu. Mimi niliposikia hivyo sikuona kosa lilipo. Kwetu mtu akifiwa, akiugua, akiunguliwa nyumba, anachangiwa. Nikajiuliza, nchi gani hii inayomwita mtu mbele ya jaji kwa sababu ana marafiki wema?

Fintan naye alisema hivyo hivyo, ila yeye alikuwa na sababu. Mama yao alipokufa, wote wawili walikuwa huku Sydney, hawakuwa na nauli ya kurudi kuzika. Na huyo Waziri Mkuu, wakati huo akiwa mbunge wa kawaida tu, alikuja kwenye mazishi. Hakuwa amealikwa. Alisimama nyuma, mvua ikimnyeshea, mpaka udongo wa mwisho, kisha akawapa mkono majirani na kuuliza vijana wa Australia wanaendeleaje. Jirani akawaandikia. "Alisimama pale nilipopaswa kusimama mimi," Fintan aliniambia. "Mtu kama huyo unamfanya nini, Will? Unampigia kura mpaka ufe, na ukiwa mbali huna kura, unamwombea." Niliielewa hoja hiyo kama ninavyoielewa njaa. Mtu aliyemzika mama yako si mtu wa kawaida tena.

Colm naye alikuwa na hoja yake, na si ya kijinga. "Anakwenda kwenye mazishi ya kila mtu," alisema. "Ndiyo kazi yake. Mwenye bucha anakupa mkono ukinunua nyama, je, umwombee?" Akasema kwamba baba wa mtoto aliyekosa shule naye alitaka rafiki wa kumchangia, akakosa, kwa nini? Kwa sababu hakuwa na cha kuwarudishia. Haya waliyabishania kwa miezi, kwa kelele, huku wakimiminiana chai. Ubishi haukuwa shida. Shida ilikuja siku ambayo Fintan, kwa mara ya mia, alisema ile habari ya mvua, na Colm akajibu, "Alikuja kumzika mama yetu na koti alilonunuliwa na mtu." Nilikuwa kitandani. Nikasikia kijiko kikiwekwa mezani taratibu. Fintan akasema, "Usiniambie neno tena." Nikasikia kiti, nikasikia mlango. Colm akabaki peke yake mle jikoni.

Colm neno tena hakumwambia. Wala mwenzake. Nyumba ilikuwa moja, jiko moja, meza moja, na saa za kula hazikubadilika, kwa hiyo mimi ndiye niliyegeuka kuwa waya wa simu. "Will, mwambie huyo bwana anipe chumvi." Chumvi iko mbele ya Colm, si mbali hata ya mkono. "Wilondja, mwambie huyo bwana kwamba daktari amemkataza chumvi." "Will, mwambie huyo bwana kwamba daktari wangu si dereva wa basi." "Wilondja, mwambie huyo bwana kwamba hata dereva wa basi analijua puto linalotaka kupasuka." Nami nimeketi katikati na uma mkononi. Siku hiyo niliichukua ile chumvi nikajitilia mwenyewe, mara mbili, ili nipate kazi ya kufanya. Viazi vyangu havikulika. Wote wawili wakanitazama nikivila, na nadhani, ingawa siapi, kwamba Colm nusura acheke.

Sasa, macho ya Fintan hayakuweza kusoma. Nilidhani sala ile ya asubuhi imekwisha. Lakini kesho yake nilipotoka chumbani nikakuta karatasi zimechapwa kama kawaida, herufi zimekuzwa, zimewekwa kando ya bakuli la sukari, na Colm amesimama kwenye sinki ametupa mgongo. Fintan akazipapasa. Hakuuliza ni nani aliyeziweka. "Will," akasema, "unajua kusoma?" Nikasema kidogo. "Basi kidogo hicho hicho."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kiingereza. Wenzangu waliotoka kambini walijifunza kwa mwalimu, kwa mambo ya sokoni na ya daktari, habari yako, bei gani. Mimi nilijifunza kwa mawakili. Kabla sijaweza kuagiza nyama buchani vizuri, niliweza kusema "kwa kadiri ya kumbukumbu zangu" na "naomba nirejee swali langu la awali." Nilisoma kama anayevuka mto kwa mawe. Neno likinishinda nilisimama, na kutoka kwenye sinki Colm alikohoa. Kikohozi kimoja, rudia. Vikohozi viwili, umeruka mstari. Neno likiwa gumu sana alilitamka kwa sahani, kana kwamba anazungumza na sahani, nami nalichukua kwa sahani nalipeleka kwa Fintan. Kwa miezi hiyo yote Fintan alisomewa na ndugu yake kupitia mdomo wangu. Naamini alijua. Hakusema, nami sikuuliza.

Lakini lile lililonishangaza, na mpaka leo halijanitoka, ni lenyewe lililoandikwa mle. Mtawala wa nchi nzima, mwenye magari na walinzi, anaingia kwenye chumba, anakaa kwenye kiti, na wakili mmoja aliyesimama anamuuliza, bwana, fedha hizi ni za nani. Anajibu. Anaulizwa tena. Anasema hakumbuki. Wakili hafoki, hatukani, anasema asante, basi tuanze upya. Saa ya chakula wanakwenda kula. Wanarudi, anaulizwa tena. Mimi natoka mahali ambapo mkubwa ndiye anayeuliza, na wewe unayeulizwa unaangalia mlango uko wapi. Nilisoma nikihisi kwamba nafanya jambo la hatari, nikawa napunguza sauti mwenyewe, na Fintan akasema, "Ongeza, ongeza, sisikii." Kila asubuhi nilitafuta kwanza jina la yule wakili. Nikilikuta, nashusha pumzi. Siku moja halikuwepo. Nikasoma ukurasa mzima, halipo. Nikashindwa kuendelea.

"Kuna nini?" Fintan akauliza.

"Huyu wakili. Yuko wapi sasa?"

"Yuko wapi vipi?"

"Analala wapi? Bado yuko kwake?"

"Yuko kwake, nadhani. Leo hawakukaa. Si ni sikukuu kule?"

"Hakuna watu waliomwendea?"

Fintan alinigeuzia yale macho yake yenye ukungu. Kule kwenye sinki maji yalifungwa. "Watu gani, mwanangu?" akauliza polepole, na kabla sijajibu nikaona kwamba ameelewa. Kisha Colm, ambaye wakati wa kusoma hakuwahi kukaribia meza, alikuja akavuta kiti, akaketi, akanimiminia chai. Nilijionea aibu, nikaona nimeuliza swali la kishamba. Leo nadhani halikuwa la kishamba. Nadhani walikuwa wamezoea jambo kubwa mpaka wakaliona dogo, kama watu wanaokaa chini ya mlima. Kesho yake jina la wakili lilirudi, na maswali yake yamemfuata, na nilifurahi kama nimepata barua ya nyumbani. Lazima niseme pia, ili niwe wa haki, kwamba yule mwulizwaji naye nilimstahi. Angeweza kukataa kuja. Kwetu asingekuja. Yeye alikuja, akakaa, akajibu kwa kadiri ya kumbukumbu zake, na kama alikula au hakula mimi sijui na sitajifanya najua.

Halafu moyo wa Fintan ukaanza kumsaliti. Ngazi tatu za nje zikawa mlima. Hospitali ya Westmead wakasema kuna valvu imechoka, lazima apasuliwe, na kwa umri wake na uzito wake, daktari alituambia waziwazi, wengine hawaamki. Tulikuwa watatu ofisini mle na daktari alikuwa akiwaangalia wazee wawili, akingoja mmoja amwambie mwenzake kitu. Nikajibu mimi. Tulipotoka nje Fintan akasema, "Will, siku hiyo tutakwenda na treni, mimi na wewe. Mwambie huyo bwana asihangaike na gari." Colm alikuwa ameshika funguo mkononi. Akazitia mfukoni. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nimewahi kuona watu wakiachana kwa neno baya, na kesho yake hakuna tena wa kumrudia. Sitaeleza ni nani. Nilijua tu kwamba tukipanda treni ile sisi wawili, Colm atabaki na lile neno la koti mpaka kaburini mwake, na si yeye wala mimi tutakaoweza kumsaidia.

Sikujua la kufanya, nikalipeleka kanisani. Mama Neema ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama, mwanamke wa Uvira, Kongo, mwenye sauti ya kuita mashua, anafanya kazi ya kutunza wazee huko Westmead, na vijana wote tuliokuja peke yetu alituita papa, kana kwamba sisi ndio tuliomzaa. Nilimwomba maombi tu. Akaweka mikono kiunoni. "Papa, unakaaka na bazee babili, moja anataka kufa, na hautuambie? Sasa sisi tuko banani kwako?" Nikasema Mama, hawa ni Wazungu, hawajazoea. "Mugonjwa ni mugonjwa. Wazungu hawagonjwake?" Nikasema tena, labda kadi tu, yenye maua. Alinitazama kama niliyesema upuuzi. "Kadi atakula?"

Jumamosi wakaja. Niliona kupitia dirishani magari mawili yakimwaga akina mama kwenye nyasi za mbele, wote wamevaa vitenge vya sare, na sufuria kichwani na mikononi, wakaanza kuimba kabla hata ya kufika mlangoni. Jirani alizima mashine yake ya kukata majani. Fintan alikuwa mezani, Colm kwenye sinki lake. Jiko likajaa. Wakaweka sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, wakaweka bugali, wakaweka ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakaomba kwa sauti moja mpaka kile kibalbu chekundu cha Moyo Mtakatifu nikakiona kama kinatikisika, na Fintan akavua kofia yake akailaza mapajani. Akapewa sombe akaonja. "Hii," akasema, "ni kabeji iliyokwenda shule." Nikatafsiri, wakaangua kicheko, mambo yakawa mazuri, nikaanza kupumua. Ndipo Mama Neema akapiga goti nusu, kama inavyopasa, akatoa bahasha kwenye kitenge chake akaishika kwa mikono miwili mbele ya Fintan.

Sikuwa nimelifikiria. Miezi yote ile nimesoma habari za bahasha, na haikunijia hata siku moja kwamba akina mama wakija watakuja na yao, kwa sababu kwetu si jambo la kufikiria, ni kama viatu, unatoka nyumbani umevaa.

"Will," Fintan akasema. "Hiki ni nini?"

"Ni mchango. Wamekuchangia, kwa ajili ya ugonjwa."

"Nani?"

"Wote. Kanisa."

"Hawanijui."

Nikamwambia Mama Neema kwamba anasema hamumjui. "Sasa nimemujua," Mama Neema akasema. "Mwambie mukono yangu inachoka."

"Wanataka nini?" Fintan akauliza. Alikuwa amebadilika rangi.

"Anauliza munataka nini."

"Tunataka nini?" Aligeuka akawatazama wenzake, wakacheka. "Tunataka apone! Mwambie, leo ni yeye, kesho ni mimi. Mimi nikifiwa, nikiungua nyumba, naye atakuja. Ni hivyo. Kwao haiko hivyo?"

Nikatafsiri. Nilitafsiri kwa uangalifu, bila kuongeza wala kupunguza, na nilipofika pale pa "naye atakuja" nilimwona Fintan akinyanyua kichwa. "Kwa hiyo inarudi," akasema.

"Inarudi," nikasema. "Lazima. Si fedha hasa. Lakini mtu hasahau."

"Na kama sina cha kurudishia?"

Mama Neema alipolisikia swali hilo akapiga kofi moja. "Muzee, mutu hakosi! Ataleta kitu ya nyumba yake. Akuwe na kuku, ataleta kuku. Akuwe na mukono, ataleta mukono."

"Cha nyumba yake," nikamwambia Fintan. "Anasema mtu huleta cha nyumba yake."

Fintan akainamisha kichwa. Akina mama nao wakainamisha vyao, wakidhani anasali. Kisha akageuza kiti chake, kile kiti kizito, akakigeuza mpaka kikaelekea kwenye sinki, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kijiko akasema, "Colm." Sahani ikasimama mkononi mwa Colm. "Colm, yeye alipochangiwa. Angerudisha kutoka nyumba gani?"

Nilielewa alichouliza, na naamini hata wewe unaelewa. Mimi nina kuku, nitaleta kuku. Seremala ataleta kiti. Lakini aliyeshika nchi, waliomchangia wakija na shida zao, atatia mkono wapi, kama si kwenye ghala la watu wote? Hata kama hajatia. Hata kama ni mtu mwema na marafiki zake ni wema, mkono umeshajua njia. Fintan alikuwa amelikataa jambo hilo mwaka mzima kutoka kwa mawakili, kwa magazeti na kwa ndugu yake wa tumbo moja, na sasa limeletwa mezani na wanawake walioleta sombe bila kujua wameleta nini.

Colm alikuwa ameshinda. Hilo nataka lionekane wazi, maana ndilo nililoshindwa kulisema ukumbini. Alikuwa ameshinda kabisa, mbele ya mashahidi, na kwa mdomo wa adui yake. Nilingoja acheke. Nilingoja aseme, si nilikuambia? Ningekuwa mimi ningesema. Alifuta mikono kwa taulo, kidole kwa kidole, akaja mpaka mezani, akasimama mbele ya kaka yake.

"Alisimama kwenye mvua, Fintan," akasema. "Mpaka udongo wa mwisho. Mvua ile hakuna aliyemlipa."

"Hapana," Fintan akasema. "Hakuna."

"Mimi nilisema neno la koti."

"Ulisema."

"Halikuwa na haja."

Basi, ni hayo. Nimesikia wahubiri wengi tangu hapo, na wanasiasa, na watu wenye shahada. Sijasikia tena watu wawili waliokuwa wamefungiana milango miezi mingi, halafu kila mmoja akachukua hoja ya mwenzake akambebea. Nilisimama pale na mgongo kwenye friji. Mama Neema akaninong'oneza, "Banasema nini?" Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza." Nilishindwa kutafsiri. Sikuwa na Kiswahili chake.

Fintan alipokea ile bahasha kwa mikono miwili, akiiga alivyoiona. "Waambie," akasema, "mimi sina barabara ya kumpa mtu. Wala kiwanja. Nina msumeno na mkono wa kuushika." Nikawaambia. Mama Neema akasema msumeno unatosha, mlango wa kanisa unaburuta, akipona aje.

Siku ya upasuaji hatukupanda treni. Colm aliendesha, Fintan mbele, mimi nyuma na mfuko wa nguo za kulalia. Kabla hatujatoka hata mtaani kwetu wakaanza. Fintan akasema Colm anashika njia ya mbali. Colm akasema yeye ameendesha basi tangu kabla njia hiyo haijawekwa lami. Kisha, sikumbuki ni nani aliyeanza, wakarudi kwa Waziri Mkuu. Fintan alikuwa amekubali jambo moja, hakuwa amekubali yote. Akasema mtu asihukumiwe kabla tume haijamaliza. Colm akasema tume itamaliza sisi sote tumekufa. Fintan akasema basi atakwenda kumuuliza mama mwenyewe kama koti lilikuwa baya, na wakacheka wote wawili, kicheko kimoja cha puani, nami kule nyuma nikageukia dirishani. Baada ya miezi ile ya chumvi na sahani, kelele zile zilinipendeza kama ngoma. Yule Waziri Mkuu aliondoka madarakani baadaye, akisema hadi mwisho kwamba hakumkosea mtu, na tume ikasema yake. Fintan hakuyasikia. Hakuwahi kujua ilikwishaje, na pengine ndiyo maana mimi hapa kwenye daftari siulizi nani alikuwa sahihi.

Walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamvika kofia ya karatasi, wakaanza kumsukuma kwenye korido ndefu, na Colm akawa anatembea kando, mkono kwenye chuma cha kitanda, bado wanabishana, sasa ni kuhusu kama jaji anapaswa kulipwa kwa siku au kwa kesi. Muuguzi aliyekuwa akisukuma alikuwa dada wa Kikenya. Aliniangalia, akaisoma sura yangu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Kaka, hawa wazee wako wanagombana hivi na mgonjwa anaingia tieta kupasuliwa? Nimwambie huyu mwingine abaki?"

"Hapana, dada," nikasema. "Wamepatana."

Tukafika kwenye milango miwili ambayo sisi haturuhusiwi. Fintan alinyanyua kichwa kutoka kwenye mto, akasema, "Na jambo jingine, Colm," na milango ikafunguka, ikammeza, ikajifunga yenyewe taratibu. Hatukusikia lilikuwa jambo gani. Colm alisimama pale mbele ya milango, amenyoosha kidole, na akaendelea kumjibu.